Fahali wa Ishirini na Sita

Asubuhi ile Jerusa alikama mwenyewe. Kwa kawaida Mzee Kipkirui ndiye aliyekama na mkewe, akiwa nyumbani, akamshikia ndama, lakini Jumamosi hiyo alimgusa bega akasema, "Nipishe, Baba Nelvine. Nina wasiwasi, acha nishike kitu."

Akampisha. Akashika ndama.

Ukungu ulikuwa bado umekalia majani chai ng'ambo ya mto. Wachumaji walikuwa hawajaingia shambani. Chai waliinywa wamesimama. Jerusa alisema sukari imezidi. Mzee akasema haijazidi. "Ulimi wako ulishakufa zamani," Jerusa akamwambia, akacheka, akaenda kutafuta viatu vyake vya mkutano.

Hiyo ndiyo asubuhi ya mwisho waliyoipata iliyofanana na nyingine. Kesho yake, Jumapili alfajiri, Jerusa aliketi kitandani akasema kichwa kinamgonga. Akajilaza tena. Hakuamka. Daktari alisema ilikuwa presha.

Mazishini watu walimtaja vizuri. Mmoja alisema alikuwa karani. Mwingine alisema alikuwa mtu wa mifugo. Mhubiri, ambaye hakumjua sana, alisema alikuwa mwalimu. Mzee Kipkirui alikaa kwenye kiti cha mbele na kofia yake magotini, asimsahihishe mtu. Kazi ya mke wake haikuwa na jina kwa lugha ya nyumbani, na hata kwa Kiswahili haikuwa nalo. Jerusa mwenyewe akiulizwa alijibu, "Mimi nafungua faili." Watu wakadhani ni lile la makaratasi, lenye kamba.

Alizaliwa Sigowet, kwa watu wa mahindi. Alisoma kwa wamishonari mpaka baba yake aliposema inatosha. Akajifunza kupiga taipu Kericho, na ofisi ya mifugo ikamchukua. Kipkirui hakuingia darasani hata siku moja. Wenzake walipokwenda shule yeye alikuwa machungani, na alipopata nafasi alikuwa ameshaota ndevu, akaona haya kukaa benchi moja na watoto. Walipooana, watu wa Silibwet, kijijini kwa Kipkirui, walisema ofisi imeolewa zizini. Walicheka sana. Jerusa naye alicheka. Katikati ya wiki alilala Kericho, chumba cha kukodi, na Ijumaa jioni akarudi nyumbani na mkate na magazeti ya kufungia mboga. Waliishi hivyo miaka yote ya ndoa yao, na hawakuona ni taabu.

Mwaka wa 1990 wafadhili walileta mashine kubwa pale ofisini Kericho. Ilikaa chumba chake peke yake, na chumba kilikuwa na pazia, jambo ambalo hata chumba cha mkubwa wa ofisi hakikuwa nalo. Walihitaji mtu wa kuiandikia. Wanaume wa ofisi waliikwepa, kwa maana walioigusa kwanza ndio wangelaumiwa kwanza. Jerusa akapelekwa Nairobi akajifunza lugha yake. Aliporudi alimwambia mumewe kwamba lugha hiyo inaitwa C.

"C nini?"

"C tu. Jina lake herufi moja."

"Watu wa haraka," Mzee akasema.

Kazi aliyopewa ilikuwa ya ng'ombe, na hapo ndipo Kipkirui alipoanza kumsikiliza vizuri. Siku hizo watu wengi walikuwa wameacha kufuga fahali. Ng'ombe akitaka dume, unamwita Onsongo. Onsongo alikuwa mtu wa Kisii, mfupi, mwenye pikipiki na mtungi wa baridi uliojaa mbegu za mafahali ambao hakuna mtu aliyewahi kuwaona. Kila fahali alikuwa na nambari. Onsongo akishampandisha ng'ombe wako, aliandika jina la ng'ombe, jina lako, jina la mama ya ng'ombe, na nambari ya fahali. Karatasi zikaenda Kericho. Jerusa akaziingiza mashineni.

Maana ya kazi yote ilikuwa moja. Mzee aliielewa bila kuelezwa. Fahali wa zizini unamjua kwa uso, unajua ni baba ya nani, na ukiona binti yake amekua unamtenga naye. Mbegu ya mtungini haina uso. Bila kumbukumbu, mtu atampandisha mtamba kwa baba yake mzazi na asijue, mpaka ndama azaliwe dhaifu, maziwa yapungue, na watu waanze kutafuta mchawi.

Kwa hiyo Jerusa alishika ukoo wa ng'ombe wa Bomet, na sehemu kubwa ya Kericho, kwa miaka. Ukimtajia ng'ombe, alikutajia bibi yake.

Mwaka wa 1997 mambo mawili yalikuja pamoja. Mradi wa wafadhili ulikwisha, na mashine kubwa ingeondolewa mwisho wa mwaka. Na Jerusa alikuwa anafikisha umri wa kustaafu, Disemba hiyohiyo. Chama cha maziwa cha Silibwet kilikuwa kimenunua kompyuta ndogo ya mezani. Ilikubaliwa kwamba kumbukumbu zihamie huko. Kama hazitahamia, alisema mwenyekiti wa chama, Kipngetich, basi wataanza upya na kitabu kipya, na yaliyopita yamepita.

Jerusa hakupenda neno hilo. Alilirudia nyumbani mara nyingi, akiosha vyombo. "Yaliyopita yamepita. Bibi za watu."

Kompyuta ya chama ilikuwa mikononi mwa Eugene, mtoto wa Nganga mwenye duka la misumari na mabati. Alikuwa kijana mwenye shati jeupe na adabu nyingi, na alimwita Jerusa "mama" bila kuongeza jina. Jerusa alileta faili lake kwenye disketi, akaleta na programu ya kulifungua. Mzee Kipkirui alikuwepo siku hiyo, amepeleka maziwa. Aliona kwa macho yake. Ng'ombe walianza kupanda kwenye kioo cha kompyuta, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mwenyewe na fahali wake. Kisha likaja jina la Chebirir, ng'ombe mwekundu wa Kipkirui mwenyewe. Jina lilitoka. Fahali wake hakutoka. Na baada ya Chebirir hakutoka ng'ombe mwingine yeyote.

Watu wakamgeukia mzee.

Onsongo ndiye aliyesema kwanza kwamba ni jina. "Nyinyi watu wa hapa hamjui kama mnasema b au mnasema p. Karatasi yangu inasema Chepirir. Hii inasema Chebirir. Mashine imechanganyikiwa."

"Wewe uliandika vibaya," Mzee akasema.

"Niliandika vile ulisema."

"Nilisema Chebirir."

"Umesema Chepirir sasa hivi."

Waliosimama kwa foleni ya maziwa walimsikiliza mzee akilitaja jina hilo mara kadhaa, na hawakuweza kukubaliana amesema nini. Jerusa, ambaye naye ulimi wake ulikuwa wa nyumbani, alifikiri huenda ni kweli. Alirudi Kericho akabadilisha jina, akalileta tena faili Silibwet. Likasimama palepale. Akabadilisha kwa wote, kila b iliyokuwa na shaka ikawa p, kila g ikawa k, akapitia majina ya watu na ng'ombe kwa wiki nzima, kazi ya macho ya kuumiza. Likasimama palepale. Kwenye mashine kubwa ya Kericho faili lilifunguka mpaka mwisho bila kikwazo. Silibwet lilikwama kwa Chebirir.

Sasa maneno yakaanza. Kwenye foleni walisema Kipkirui hakumwita Onsongo siku ile, kwamba alimpitisha ng'ombe wake kwa fahali wa jirani usiku, akadanganya karatasi, na mashine imekataa uongo. Walisema kwa mzaha. Lakini mzaha ukizungushwa sana unakaa.

"Mzee, ng'ombe yako imekanyaga kompyuta," Kipngetich alimwambia mbele ya watu.

"Ng'ombe yangu iko kwa kamba," Mzee akajibu, akachukua mtungi wake akaenda. Nyumbani aliusugua mtungi uliokuwa safi. Jerusa alimwona.

"Nitaitafuta hiyo kasoro," akamwambia.

"Tafuta."

Aliyeipata ni Eugene, na aliipata kwa kuuliza. Walikuwa wamekaa na Jerusa mbele ya kioo, na Mzee kwenye benchi mlangoni akingoja mkewe.

"Mama, nambari ya fahali umeiweka namna gani? Kwa tarakimu?"

"Hapana. Nimeibana. Herufi moja inabeba nambari nzima. Zamani hatukuwa na nafasi."

"Na fahali ya hii ng'ombe ni ngapi?"

"Ishirini na sita."

Eugene alilaza kichwa mezani. Mzee akadhani kijana ameugua. Alipokiinua alikuwa anacheka. Akaeleza polepole, kwa adabu, akimtazama Jerusa na kumtupia mzee jicho ili naye asiachwe. Mashine hizi ndogo, akasema, zilirithi desturi ya zamani. Ukifungua faili bila kusema ni la namna gani, zinalichukua kuwa ni maandishi, kama barua. Na kwa barua zina alama moja ya kusema barua imekwisha. Alama hiyo, kwa hesabu ya mashine, ni ishirini na sita. Zikikutana nayo popote, zinafunga mlango. Hata kama nyuma yake kuna ng'ombe wa wilaya nzima.

"Kwa hivyo si Chebirir," Jerusa akasema.

"Si yeye. Ni bwana yake."

Mzee alisikia hilo vizuri. Alilichukua akaenda nalo kwenye foleni ya kesho yake, na kwa mara ya kwanza kwa wiki kadhaa ni yeye aliyewachekesha watu. Fahali yule, aliwaambia, ni mkali mpaka hakuna ng'ombe anayempita. Kutoka siku hiyo wakamwita mzee mwenyewe Ishirini na Sita, na hakukasirika.

Jerusa hakucheka sana. "Ni kosa langu," alimwambia Eugene. "Nilifungua kama barua kitu ambacho si barua." Dawa ilikuwa neno moja, la kutamka wakati wa kufungua. Neno hilo linaiambia mashine: haya si maandishi, nipe kama yalivyo, usiguse. Akaliongeza. Pale Silibwet ng'ombe wote wakapita, na Chebirir akiwemo, na bwana yake akiwemo.

Ikaonekana kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha.

Programu, Jerusa alivyomfafanulia mumewe, inaandikwa kama mahindi yanavyovunwa, halafu kila mashine inajisagia unga wake. Mahindi ni yaleyale. Alipoyapeleka Kericho, mashine kubwa ikakataa kusaga. Ilifika kwenye lile neno jipya ikasema, neno hili silijui. Ilikuwa haina habari nalo kwa sababu haikuwahi kulihitaji. Yenyewe haigusi kitu. Ukiipa faili inakupa kama lilivyo, barua au si barua.

"Basi andika mbili," Kipngetich alisema. "Moja ya Kericho, moja ya hapa."

"Na Chepseon?" Jerusa akauliza. Watu wa Chepseon walikuwa wameahidiwa mashine yao, ya ukoo wa ile kubwa, na hiyo ingebaki hata ya Kericho ikiondolewa. "Nikirekebisha hii nikasahau ile, vitabu vinaachana. Baada ya mwaka mmoja hamtajua kipi ni cha kweli."

Kipngetich hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka. Akasema kamati itakaa Jumamosi, mwanzo wa Novemba. Kama hakuna programu moja inayofungua pande zote, wataanza upya, na hakuna wa kulaumiwa.

Wiki hiyo Jerusa alichukua likizo ya siku mbili akaja nyumbani katikati ya wiki, jambo lililomshangaza hata mbwa. Mzee alikuwa jikoni akipukuchua mahindi. Akakaa karibu naye akachukua hindi moja. Walipukuchua mpaka beseni likajaa nusu.

"Tatizo lako ni nini hasa?" Mzee akauliza.

"Neno. Nyumba moja haifunguki bila neno. Nyumba nyingine ukilitamka inakufukuza."

"Na huwezi kulitamka hapa na ukanyamaza kule?"

"Programu ni moja. Haijui iko kwa nani."

Mzee alimaliza hindi la mkononi. Akatupa gunzi kwenye moto. Jerusa aliangalia mlango wa jikoni muda, kisha akaanza kutabasamu peke yake.

"Unakumbuka nilipoolewa hapa?"

"Nakumbuka."

"Mlango wetu Sigowet ulikuwa unaburuta chini. Kuufungua lazima uuinue kwanza, ndiyo usukume. Nilikulia huo. Nilipokuja kwako, kila mlango nilikuwa nainua."

"Mama yangu alikuwa anakucheka. Alisema bibi harusi anapima uzito wa nyumba."

"Lakini mlango wenu ulifunguka?"

"Ulifunguka. Haukuwa unaburuta."

"Nilikuwa nainua bure. Na haikudhuru." Akaweka gunzi chini. "Baba Nelvine, kule Kericho neno si lazima likataliwe. Naweza kuiambia mashine mwanzoni kabisa: kama hulijui neno hili, basi kwako maana yake ni sifuri. Kuinua bure. Halafu endelea."

"Inakubali kuambiwa hivyo?"

"Inakubali ukiiambia kabla haijaanza kusaga. Nimekaa nayo miaka saba, inakubali hilo."

"Basi iambie."

Aliinuka, akakung'uta makapi kwenye sketi, na mahindi yaliyobaki akamwachia mzee. Asubuhi yake alirudi Kericho kabla likizo haijaisha. Mzee hakumzuia. Alisimama kwenye majani chai akamwangalia anavyoteremka, mkoba begani, anakwenda kwa haraka kama msichana. Siku hizi, akipita pale na mtungi wa maziwa, husimama kidogo. Hajui kwa nini, maana hakuna kitu cha kuona.

Ijumaa Kericho ilisaga. Ijumaa jioni Jerusa alirudi nyumbani na mkate, na kwa mara ya kwanza akasahau magazeti. Ikabaki Silibwet, maandishi yaleyale, bila kubadilisha hata nukta, mbele ya kamati. Ndiyo maana Jumamosi aliomba akame mwenyewe.

Ofisi ya chama ilikuwa ndogo na watu walikuwa wengi. Mzee Kipkirui, kwa vile alikuwa mwanachama, alipewa nafasi karibu na dirisha. Onsongo alikuja na mtungi wake wa baridi, akauweka katikati ya miguu kama mtoto. Eugene aliingiza disketi. Mashine ikanguruma, ikasaga, ikanyamaza.

"Imekubali," Eugene akasema.

"Imekubali kusaga," Jerusa akasema. "Fungua sasa."

Ng'ombe wakaanza kupanda. Walipofika karibu na Chebirir Mzee aligundua kwamba ameshika ubao wa dirisha. Jerusa alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Eugene na mikono ndani ya mifuko ya sweta, na mzee alijua ameikunja ngumi.

Chebirir. Mwenyewe, Kipkirui. Fahali, ishirini na sita.

Na baada yake ng'ombe wa Tecla, mjane wa kule chini. Na wa shemeji yake. Na wengine, na wengine, mpaka Onsongo akaanza kuwaita kwa sauti kila alipomtambua mmoja. "Huyu alinipiga teke. Huyu pia." Watu wakacheka, na kucheka kwenyewe kulikuwa kwa kupumua. Faili lilikwenda mpaka mwisho wake wa kweli, mtamba mmoja wa Sigowet wa mwezi uliopita, likasimama lenyewe.

"Mzee, jina lako limesafishwa," Kipngetich akasema.

"Halikuwa chafu," Mzee akajibu.

Kipngetich alichukua kalamu, akaandika kwamba kumbukumbu za zamani zitabaki, na kwamba hakuna kitabu kipya. Akawaonyesha wanakamati, wakaitikia. Kisha akaiweka kalamu chini akamtazama Jerusa. Alikuwa na swali moja, na halikuwa la ubaya.

"Mama Nelvine, Disemba wewe unaenda kupumzika. Chepseon wataleta mashine yao, na baadaye sijui nani ataleta gani, na sisi hapa hatujui hayo mambo. Wewe ukiwa haupo, tukutafute wapi?"

Jerusa alitoa mikono mifukoni. Mzee Kipkirui alikuwa karibu, na masikio yake ni mazima, na hilo analowasimulia watu wanaokuja kumpa pole hajaliongeza wala kulipunguza. Mkewe alisema:

"Msinitafute. Ifungueni tu. Nimeiandika isiulize iko kwa nani."